Polima ya pengo dogo inapokugomea: soma dalili kabla ya kuchora molekuli nyingine

Hesabu ilikupa pengo la nishati la 1.3 eV (elektronivolti), spektra ya utando, yaani tabaka jembamba la polima iliyokauka, inasema 1.7. Au pengo limetoka vilevile ulivyotaka lakini seli ya jua inatoa volti 0.4 tu. Au umepata unga mweusi usiokubali kuyeyuka kwenye chochote. Wengi wakifika hapo hurudi kwenye programu ya kuchorea na kuanza molekuli mpya. Ngoja kwanza. Mara nyingi kosa liko ndani ya chupa: mnyororo mfupi, viungo vilivyoungana kinyume na mpango, monoma (molekuli ndogo inayounganishwa kuwa mnyororo) iliyopimwa vibaya. Molekuli unayotaka kuitupa huenda hujawahi kuipata hata siku moja.

Mwongozo huu ni wa anayetengeneza au kupima polima zenye konjugesheni, yaani zile ambazo bondi moja na bondi mbili hupishana kwenye uti mzima wa mnyororo, kwa ajili ya seli za jua, transista au vihisi mwanga. HOMO ni ngazi ya juu kabisa yenye elektroni, LUMO ni ya chini kabisa iliyo tupu, na pengo ni umbali kati yake. "Dogo" kwa mazoea ya fani ni chini ya 1.5 eV hivi.

Kabla ya dalili yoyote: unasema pengo lipi?

Kuna mapengo matatu na watu huyachanganya kila siku.

La kwanza ni pengo la mwanga. Tazama pale ufyonzaji unapoanzia upande wa mawimbi marefu, kisha gawa 1240 kwa urefu huo wa wimbi kwa nanomita. Utando unaoanza kufyonza kwenye nm 850 una pengo la 1.46 eV. Soma mwanzo wa ufyonzaji, usisome kilele. Kilele kitakupa namba kubwa zaidi na utahuzunika bure.

La pili ni la kielektrokemia: tofauti kati ya volti ambako polima inaanza kupoteza elektroni na ile ambako inaanza kuzipokea. Hili kwa kawaida huwa kubwa kuliko la mwanga, kwa sababu mwanga huzaa eksitoni, elektroni na tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni) vikiwa bado vimeshikana, wakati elektrodi huongeza au kuondoa chaji moja moja. Ukiona yametofautiana kwa 0.2 au 0.3 eV, hakuna kilichoharibika.

La tatu ni la kompyuta, na ndilo linalovunja mioyo. Hesabu nyingi hufanywa kwa kipande kifupi kilicho peke yake kwenye ombwe, na ili kuokoa muda mikia ya alkili (minyororo ya pembeni inayoifanya polima iyeyuke) hukatwa ikabaki methili. Hapo umeondoa kitu chenyewe kinachoweza kusokota mnyororo wako. Tena, ukihesabu vipande vya yuniti 1, 2, 3 na 4 na kuchora pengo dhidi ya 1/n, pointi zitakaa kwenye mstari ulionyooka unaoshawishi. Usiuvute mstari huo mpaka mwisho. Minyororo halisi hufika urefu ambapo kuongeza yuniti hakupunguzi pengo tena, kwa hiyo mstari ule utakuahidi pengo dogo kuliko lile ambalo polima yoyote itakupa.

Ukiwa umelinganisha pengo la mwanga la utando na pengo la mwanga la utando, na bado mambo hayakai sawa, endelea.

Dalili: ufyonzaji unaishia mapema, pengo ni kubwa kuliko ulivyopanga

Mshukiwa wa kwanza ni urefu wa mnyororo. Polima hizi nyingi hutengenezwa kwa kuunganisha monoma ya aina A na ya aina B, kwa njia ya Stille (bati) au Suzuki (boroni), zote zikitumia kichocheo cha paladi. Aina hii ya upolimishaji haina huruma. Mmenyuko ukifika asilimia 95, wastani wa mnyororo ni monoma 20 tu. Ukifika asilimia 99, ni 100. Uwiano nao una kauli yake. Kama monoma moja ilikuwa na usafi wa asilimia 95 nawe ukaipima kama safi kabisa, uwiano wa moli ni 0.95 na hata mmenyuko ukikamilika wote hutavuka monoma 39, yaani jozi 19 na ushee. Kosa la asilimia 1 linakuruhusu kufika 199. Hiyo ndiyo tofauti kati ya polima na kitu kinachofanana na polima.

Monoma ya bati ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Nyingi ni mafuta mazito yanayonata kwenye kijiko, kwenye shingo ya chupa, kila mahali. Ukipima kwenye karatasi ukamwagia kwenye chupa ya mmenyuko, sehemu ya ulichopima imebaki njiani. Pima moja kwa moja ndani ya chupa ya mmenyuko, au pima kwa tofauti: chupa ndogo kabla na baada, halafu rekebisha uzito wa monoma ya pili ulingane na kilichoingia kweli. Na usiipitishe kwenye safu ya silika ya kawaida. Silika ina asidi ya kutosha kung'oa kundi la bati na kuweka haidrojeni mahali pake. Molekuli iliyopoteza bati upande mmoja inafunga mwisho wa mnyororo, na kwenye NMR (kipimo cha usumaku wa viini vya atomu) utaiona kama kilele kidogo cha haidrojeni ya thiofeni (pete ya kaboni nne na salfa moja) mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Ukikiona kilele hicho, usianze upolimishaji. Isafishe kwa kuifuwelisha upya kama ni yabisi. Kama ni mafuta, safu ya alumina ya kibesi au silika iliyotiwa trietilamini ina nafuu.

Utajuaje kwamba urefu ndio tatizo? Usikimbilie GPC, mashine ya kupima ukubwa wa minyororo. Polima hizi hukumbatiana hata kwenye myeyusho, na mashine huhesabu kundi zima kama mnyororo mmoja. Ndiyo maana maabara nyingi huzipima kwenye triklorobenzini kwa nyuzijoto 140. Isitoshe, kulinganisha na polistirini huipa minyororo migumu masi kubwa kuliko iliyo nayo. Kuna kipimo rahisi zaidi ambacho tayari unacho mkononi. Baada ya upolimishaji huwa unaosha kwenye Soxhlet, kifaa cha kuosha kwa viyeyushi vya moto kimoja baada ya kingine: methanoli, asetoni, heksani, kisha klorofomu. Chukua sehemu ya heksani (minyororo mifupi) na sehemu ya klorofomu (mirefu), pima ufyonzaji wa zote mbili kwenye kiyeyushi kilekile. Kama ya klorofomu imesogea upande wa mawimbi marefu, urefu bado unakubana, rudi kwenye usafi wa monoma. Kama zinaanzia mahali pamoja, urefu umeshatosha na mshukiwa ni mwingine.

Huyo mwingine kwa kawaida ni kujisokota. Elektroni husambaa vizuri pale pete zinapolala bapa; pete mbili zikipishana kwa pembe, mawasiliano kati yake yanapungua na pengo linapanuka. Mfano ambao kila mtu ameuona ni P3HT, politiofeni yenye mkia wa kaboni sita kwenye kila pete. Ile yenye mpangilio sahihi, kichwa kwa mkia kila mahali, ni ya rangi ya chungwa kwenye klorofomu na hugeuka zambarau ikikauka kuwa utando, kwa sababu minyororo inajinyoosha na kulala. Ile isiyo na mpangilio ina mikia miwili inayogongana kwenye baadhi ya viungo, na utando wake hubaki karibu na rangi ya myeyusho. Atomu ni zilezile, fomula ni ileile.

Kwa hiyo pima spektra tatu: myeyusho wa moto, myeyusho wa baridi, utando. Kama zote tatu zimekaa mahali pamoja na ufyonzaji ni mpana usio na umbo, mnyororo umesokotwa hata ndani ya utando, na tatizo sasa ni la muundo kweli. Kama myeyusho wa baridi unafanana na utando lakini wa moto unarudi upande wa buluu, minyororo inakumbatiana hata kabla hujaipaka. Hilo si baya, ila litakutesa kwenye upakaji. PffBT4T-2OD, polima ya Hong Kong iliyotoa ufanisi wa asilimia 10.8 mwaka 2014, ina tabia hiyohiyo, na watengenezaji wake waliigeuza kuwa nyenzo: walipaka myeyusho ukiwa moto ili wao waamue lini minyororo ianze kukumbatiana.

Tiba za kujisokota zipo nyingi, na si zote zina thamani sawa. Ya kwanza ninayoijaribu ni kuhamisha mkia, kwa sababu haibadilishi uti: weka thiofeni isiyo na mkia kati ya kitoaji (yuniti inayosukuma elektroni) na kipokeaji (inayozivuta), au sogeza tawi la mkia mbali na uti kwa kaboni moja au mbili. Ya pili ni kufunga pete mbili kwa daraja. Siklopentadithiofeni ni thiofeni mbili zilizofungwa kwa kaboni moja zisiweze kuzunguka, na mikia inakaa kwenye daraja hilo, nje ya njia. Ikiunganishwa na benzothiadiazoli unapata PCPDTBT, yenye pengo la karibu 1.4 hadi 1.5 eV. Ya tatu ni kufuli zisizo na bondi: salfa ikikaa mkabala na oksijeni au florini ya pete jirani, pete hupenda kulala bapa. PEDOT ina pengo la karibu 1.6 eV dhidi ya 2.0 ya politiofeni tupu, sehemu kwa sababu oksijeni zake zinasukuma elektroni kwenye uti, sehemu kwa sababu zinaunyoosha.

Kama mnyororo ni mrefu na bapa na bado pengo ni kubwa, hapo ndipo unaruhusiwa kurudi kwenye mchoro. Jean Roncali wa Angers, Ufaransa, aligawa pengo la polima hizi katika michango mitano, na mgawanyo wake bado ndio orodha bora ya washukiwa: tofauti ya urefu kati ya bondi moja na mbili, ukaidi wa pete kutaka kubaki aromatiki, pembe ya kujisokota, nguvu ya vikundi vya pembeni, na jinsi minyororo inavyopangana. Pembe umeshaishughulikia. Ukaidi wa pete hupunguzwa kwa kuunganisha pete ya pili inayofaidika pale uti unapokuwa wa kwinoidi (bondi moja na mbili zikibadilishana nafasi): poliisothianafteni, iliyotoka kwenye kundi la Fred Wudl mwaka 1984, ilishuka hadi karibu 1 eV kwa hila hiyo peke yake. Nguvu ya vikundi ndiyo njia ya kitoaji na kipokeaji, inayotumiwa na karibu kila mtu leo. Benzothiadiazoli ni kipokeaji cha wastani. Diketopirolopiroli, ambayo wote wanaiita DPP, ina nguvu zaidi. Thiadiazolokwinoksalini huvuta kwa nguvu kiasi cha kushusha pengo hata ukiiweka na kitoaji dhaifu kama fluorini ya pete tatu (si atomu ya florini). Kwa hapa jirani, Wendimagegn Mammo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa wamefanya kazi ndefu kwenye polima za namna hiyo za fluorini, wakishirikiana na Chalmers na Linköping huko Uswidi. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret anayetafuta mfano wa kazi hii ikifanyika ukanda wetu aanzie huko.

Dalili: pengo ni dogo kuliko ulivyotarajia

Usishangilie bado. Kushuka kwa pengo bila maelezo ni dalili sawa na dalili nyingine, na mara nyingi ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayelalamika.

Tazama umbo la spektra. Kama kuna bega upande wa mawimbi marefu ambalo hukulipanga, shuku miungano ya A kwa A au B kwa B. Mwaka 2014 kikundi cha René Janssen huko Eindhoven kilionyesha jambo hili waziwazi kwenye polima za DPP: yuniti mbili za DPP zikiungana zenyewe hutengeneza kipande chenye pengo dogo kuliko mnyororo wote, spektra inapata bega, na ufanisi wa seli unashuka. Kipande hicho kinakuwa mtego. Chaji na eksitoni hutelemkia humo na kukaa. Mtu aliyekuwa akitazama namba ya pengo tu angeandika kwamba polima imeboreka.

Visababishi havina siri. Oksijeni kwenye chupa. Paladi ya namba mbili, ambayo kabla ya kuanza kazi hula vikundi viwili vya bati au boroni ili iwe paladi sifuri, na katika kula huko inaunganisha monoma mbili za aina moja; pia inaharibu ule uwiano uliopima kwa taabu. Tumia chanzo cha paladi sifuri kama Pd2(dba)3, jaribu ligandi (molekuli inayoshikilia paladi) zaidi ya moja, na toa gesi kwenye kiyeyushi kwa dhati: kupuliza naitrojeni dakika tano juu ya uso wa myeyusho si kutoa gesi. Kama huna kisanduku cha glavu, mizunguko mitatu ya kugandisha, kuvuta ombwe na kuyeyusha kwenye mstari wa Schlenk (mabomba ya ombwe na naitrojeni) inatosha kabisa.

Kama badala ya bega unaona mchirizi mrefu unaoendelea hadi nm 1000 na kupita, kuna mawili. Mchirizi unaopungua polepole bila umbo lolote, ukiinua hata sehemu ambazo polima haifyonzi, ni mtawanyiko wa chembe zisizoyeyuka. Chuja upime tena. Mchirizi wenye nundu pana kwenye infraredi ya karibu ni polima iliyooksidika, yaani imekwisha kudopiwa (kuingizwa chaji) na hewa au mabaki ya vichocheo. Hiyo inatupeleka kwenye HOMO.

Dalili: volti ya seli iko chini

Swali la kujiuliza hapa ni moja: pengo lilishuka kwa sababu HOMO ilipanda au kwa sababu LUMO ilishuka? Vitoaji vikali hupandisha HOMO. Vipokeaji vikali hushusha LUMO. Pengo linaweza kuwa lilelile katika hali zote mbili, lakini kwenye seli yenye fulerini (molekuli ya kaboni iliyochanganywa na polima iwe kipokeaji cha elektroni) volti inategemea umbali kati ya HOMO ya polima na LUMO ya fulerini. Kwa kanuni ya Scharber ya mwaka 2006, volti ya mzunguko wazi ni umbali huo ukitoa 0.3, pale LUMO ya PCBM, fulerini ya kawaida ya seli hizi, ikichukuliwa kuwa −4.3 eV. Polima yenye HOMO ya −5.4 itakupa kama 0.8 V, yenye −5.1 itakupa 0.5. Kila 0.1 eV uliyoipata kwa kupandisha HOMO umeilipa kwa 0.1 V.

Ila kabla hujaamini HOMO yako, uliza imesawazishwa kwa nini. Ferosini, kiwanja cha chuma kinachotumika kama rejea, huchukuliwa na wengine kuwa −4.8 eV na wengine −5.1. Polima inayoanza kuoksidika kwenye 0.30 V juu ya ferosini ni −5.10 kwa mhariri mmoja na −5.40 kwa mwingine, bila kitu chochote kubadilika maabara. Nimeona mabishano marefu ya muundo ambayo yote yalikuwa tofauti hii. Pima polima yako na P3HT kwenye mashine moja, siku moja, na ulinganishe hizo mbili. Namba za kwenye makala ya watu wengine zitumie kama mwelekeo tu.

Kama HOMO imepanda kweli, tiba iliyofanya kazi mara nyingi ni florini kwenye uti, ambayo hushusha HOMO bila kusokota mnyororo kwa kuwa atomu yake ni ndogo. Familia ya polima za PTB7, iliyofika ufanisi wa asilimia 7.4 mwaka 2010, ilinufaika na hilo. Tiba nyingine ni kupunguza nguvu ya kitoaji na kuongeza ya kipokeaji. Hapo angalia upande wa pili: LUMO ya polima ikishuka ikakaribia ile ya fulerini, elektroni haina sababu ya kuhama.

Tena pengo lenyewe linaweka dari. Kwa seli za fulerini, hasara kati ya pengo na volti ilizoeleka kuwa 0.6 eV au zaidi, na kadiri pengo linavyopungua ndivyo nishati inavyopotea kama joto kwa urahisi zaidi. Anayetaka 0.9 V kutoka kwenye polima ya 1.2 eV anaomba kitu ambacho fizikia haina.

Dalili: haiyeyuki

Hapa ni haraka. Kama haiyeyuki kwenye klorobenzini ya moto, mikia ni mifupi au imenyooka mno. Panda kutoka 2-ethilheksili kwenda 2-heksildesili, kisha 2-oktildodesili. Usiruke moja kwa moja kwenye mkubwa, kwa maana kila kaboni ya mkia ni uzito usiofyonza mwanga na usiopitisha chaji. Kama yeyuko lilikuwa zuri mwezi uliopita na sasa hakuna, na monoma ni zilezile, pongezi: huenda umepata masi kubwa kuliko mwanzo. Punguza muda wa mmenyuko au zima kwa vifunga mwisho mapema. Lakini jeli isiyoyeyuka kabisa hata ikichemshwa ni kitu kingine, ni minyororo iliyofungamana kwa matawi, mara nyingi kwa sababu paladi imeunganisha kwenye haidrojeni ya thiofeni ambayo haikualikwa. Hiyo itupe.

Dalili: mwanga unafyonzwa, mkondo haupo

Spektra ya ufyonzaji inafika nm 850, lakini kipimo cha mkondo kwa kila wimbi kinaonyesha karibu sifuri baada ya nm 700. Kama LUMO haina tatizo, lawama inahamia kwenye mchanganyiko. Eksitoni husafiri kama nanomita 10 tu kabla ya kufa. Kama polima na kipokeaji vimejitenga kwa mabonge makubwa kuliko hapo, eksitoni haifiki mpakani. Kama vimechanganyika mno, chaji zinafika mpakani lakini hazina njia ya kutokea.

PCPDTBT ndiyo funzo la jambo hili. Mwaka 2007 watafiti wa Santa Barbara waliongeza alkanidithioli kidogo kwenye myeyusho wa kupaka, na ufanisi ukapanda kutoka asilimia 2.8 hadi 5.5. Polima ileile, pengo lilelile. Kwa hiyo kabla hujahukumu molekuli, jaribu dayodooktani, kiongezi kingine cha namna hiyo, kwa asilimia 1 hadi 3 ya ujazo, badilisha kiyeyushi, badilisha joto la kupakia. Kazi ya wiki chache, ukilinganisha na miezi ya usanisi.

Dalili: transista haizimi, au kifaa kinabadilika hewani

Mkondo wa kuzima ulio juu unaopungua ukiweka kifaa kwenye ombwe ni HOMO iliyo juu mno: hewa na unyevu vinachomoa elektroni. Polima yenye HOMO ya juu kuliko −5.2 eV hivi itakusumbua kila mara. Upande wa elektroni, LUMO iliyo juu ya −4.0 eV hivi huacha elektroni zikinaswa na maji na oksijeni, na mkondo wa aina ya n hupotea hewani. Polima za pengo dogo zina LUMO ya chini na HOMO ya juu kwa wakati mmoja, ndiyo maana nyingi hupitisha chaji za aina zote mbili na transista haizimi vizuri hata ndani ya naitrojeni. Hilo si uchafu. Chagua metali ya elektrodi inayozuia aina moja, au kubali kwamba kwa kazi hiyo pengo la 1.2 eV halifai.

Kama vifaa vya kundi moja la polima ni vizuri na vya kundi la pili ni vibovu, angalia paladi kwanza. Chembe zake hubaki ndani ya polima. Koroga myeyusho na dithiokabamati ya sodiamu, osha kwa maji, mwagia kwenye methanoli upya, ndipo ulinganishe.

Je, unahitaji pengo dogo?

Swali hili limebadilika tangu 2019, kundi la Zou Yingping lilipotoa Y6, kipokeaji kidogo chenye pengo la karibu 1.33 eV na seli ya asilimia 15.7. Tangu hapo, kwenye seli nyingi bora, infraredi ya karibu hufyonzwa na kipokeaji, na polima inayofanya naye kazi, kwa mfano PM6, ina pengo la karibu 1.8 eV. Mtu anayeanza leo kubuni polima kitoaji ya 1.3 eV kwa ajili ya seli ya kawaida anashindana na mwenzake wa ndani ya mchanganyiko uleule kwa mwanga uleule. Ningemshauri aache.

Nafasi ya polima hizi ipo kwingine: seli zinazopitisha mwanga wa macho, seli za polima tupu ambamo polima ndiyo kipokeaji, na vihisi vya infraredi. Kwenye vihisi utakutana na dalili moja ya mwisho, mkondo wa gizani. Pengo likishuka, joto la kawaida la chumba linatosha kuzalisha chaji bila mwanga wowote, na kelele inapanda. Sehemu ya mkondo huo ni ya fizikia na haiondoki. Sehemu nyingine inaingia kutoka kwenye elektrodi, na hiyo unaweza kuizuia: ongeza unene wa utando na weka tabaka la kuzuia chaji upande wa metali, kisha pima tena gizani kwa volti ndogo hasi. Ikishuka sana ilikuwa elektrodi. Ikibaki palepale, pandisha pengo kwa 0.1 eV, upoteze nanomita chache za mwisho za wimbi.